Unyayo kuwaka moto kwenye baiskeli

Wapenzi wa baiskeli, kama unyayo wako huwaka moto baada ya kupiga pedali muda mrefu, tafadhali usivumilie tu. Mimi moto huo ulinianza nyuma kidogo ya vidole: kwanza joto, halafu ganzi, kisha maumivu kama nimekanyaga kaa la moto, mpaka nautoa mguu kwenye pedali na kuukung'uta huku baiskeli inajiendea.

Nguvu yote ya mguu inapita kwenye eneo dogo sana la unyayo, na katikati ya mifupa ya pale kuna mishipa ya fahamu. Hiyo ndiyo inayobanwa. Mguu nao huvimba kwenye joto, kwa hiyo kiatu kilichokutosha asubuhi mchana kinakubana. Soli laini ndiyo mbaya zaidi kwa maoni yangu, inapinda juu ya pedali na uzito wote unakaa sehemu moja.

Kilichonisaidia hasa ni viatu vya soli ngumu, vipana mbele. Kamba nazilegeza mapema, kabla maumivu hayajaanza. Mguu nausogeza mbele kidogo, pedali isikae chini ya vidole. Na gia nzito achana nazo jamani! Weka nyepesi, zungusha haraka, mara 80 hadi 90 kwa dakika, unyayo utapumua.

Ila ganzi ikibaki hata ukishashuka, hasa kati ya kidole cha tatu na cha nne, nenda ukamwone daktari.