Siku moja maishani mwangu: mhariri wa picha

Saa 2 asubuhi

Kabla sijafungua faili lolote, nafunga pazia. Skrini inayopigwa na jua ni mwongo: picha inaonekana ya giza, unaipandisha mwanga, halafu mwenye picha anaifungua usiku kwenye simu na kukuta nyuso zimeungua. Kwa hiyo chumba changu kina mwanga uleule kutwa nzima, ukuta nyuma ya skrini ni wa kijivu, na mwangaza wa skrini umepimwa kwa kifaa, hauguswi. Wanaonitembelea husema chumba kimepooza. Ndivyo kinavyotakiwa.

Leo nina kazi mbili. Ya kwanza ni fundi seremala akipiga randa ndani ya karakana. Mpigapicha ameandika mstari mmoja tu: "Dada, mfanye fundi aonekane, kapotea."

Kweli kapotea. Kulia kuna dirisha jeupe pe. Nyuma ya bega lake kuna ndoo nyekundu ndu, na ukutani kuna bango lenye maandishi makubwa. Jicho hukimbilia palipo na mwanga kuliko kwingine, penye rangi kali, penye weupe na weusi vinavyogongana. Na maandishi ndiyo balaa zaidi, maana anayejua kusoma hawezi kuyaona asiyasome. Fundi wa watu amevaa shati la kahawia mbele ya ukuta wa kahawia. Atashinda vipi?

Saa 2 na nusu

Bado sijagusa kitu. Naipunguza picha hadi ukubwa wa stempu, nakodoa kidogo, naangalia kinachobaki. Kinachobaki ni dirisha na ndoo.

Halafu najiuliza swali ambalo wengi hulipita haraka: mhusika ni nani hasa? "Fundi" ni jibu la mpigapicha, halinitoshi. Uso wake umeinama na macho hayaonekani. Kilicho hai kwenye picha hii ni mikono, na ule utepe wa maranda unaojikunja ukitoka kwenye randa. Naamua: kwanza mikono, kisha uso, vingine vyote vikae nyuma. Bila uamuzi huo nitashinda nikivuta vitelezi vya programu huku na huko mpaka jioni.

Saa 3

Naanza na dirisha. Nashukuru nimeletewa faili ghafi, yaani data yote kama kamera ilivyoiandika, kwa kuwa JPEG, ile picha ya kawaida iliyobanwa, hubeba ngazi 256 tu kwa kila rangi, na ukiivutavuta huchanika mapema. Nashusha mwanga wa sehemu angavu, na pembeni mwa dirisha majani ya mti yanarudi. Katikati hakuna kinachorudi. Hapo nyekundu, kijani na bluu zote zimejaa hadi ukomo, kamera haikuandika chochote zaidi ya weupe. Ukilazimisha unapata kijivu cha tope, kibaya kuliko weupe wenyewe.

Dawa ni mkasi. Nalikata dirisha, ila silimalizi. Naacha ukanda mwembamba, kwa sababu mwanga ulio juu ya mikono unatoka pale, na mtazamaji akiona unakotoka anaamini anachokiona.

Saa 4

Zamu ya ndoo. Njia ya mkato ni kushusha rangi nyekundu ya picha nzima, na ndiyo inayoharibu picha nyingi za watu: ngozi ya binadamu, iwe nyeusi au nyeupe, imejaa nyekundu na rangi ya machungwa. Ukiizima nyekundu yote, ndoo inatulia na fundi anageuka maiti. Kwa hiyo nachora maski, yaani mpaka ambao mabadiliko hayavuki, juu ya ndoo peke yake, napunguza ukolezi wa rangi na mwanga pamoja. Siifikishi kwenye kijivu. Ndoo isiyo na rangi ndani ya karakana yenye rangi nayo huita macho. Naishusha mpaka iwe ya kutu, basi.

Bango nalo silifuti. Napunguza tofauti kati ya herufi na karatasi, na kulegeza ukali wake kidogo, hadi liwe bango tu, si tangazo.

Saa 5

Sasa kazi ninayoipenda: kutia giza hapa na kuinua mwanga pale, kwa brashi. Haikuzaliwa na kompyuta. Enzi za filamu, kwenye chumba cha giza cha kuchapia picha, mchapaji alikinga mwanga wa mashine ya kukuzia kwa kipande cha kadi au kwa viganja vyake. Aliposhikilia kivuli, karatasi ilibaki nyeupe zaidi. Alipoongeza sekunde, ilikolea. Ansel Adams, mpigapicha Mmarekani wa mandhari, alisifika kwa ustadi huo, na mandhari zake nyingi zimejengwa pale kama zilivyojengwa kwenye kamera.

Natumia brashi kubwa, laini, yenye nguvu ndogo, napita tena na tena. Ukuta unashuka taratibu. Kwenye nywele nasogea kwa uangalifu, kwani maski yenye ukingo mkali huacha mwanga mwembamba kuzunguka kichwa, na fundi anakuwa malaika bila kuomba. Ile amri ya kutia giza pembe zote kwa mkupuo siitumii: inazunguka katikati ya picha, na mhusika wangu yuko kushoto. Nachora duara langu mwenyewe, kitovu chake randa.

Mikono yenyewe naigusa mwisho, na kidogo mno. Naongeza kontrasti, tofauti ya mwanga na giza, kwenye vifundo vya vidole na ukingo wa utepe wa maranda. Natuma.

Saa 8 mchana

Kazi ya pili ni picha ya habari, na sheria zinabadilika. Kukata kingo, sawa. Kurekebisha mwanga, sawa, kwa kiasi. Kuondoa au kuhamisha kitu, hapana kabisa. Gazeti likikosa hapo linakumbukwa miaka mingi: jarida la National Geographic bado linatajwa kwa jalada la Februari 1982, walipozisogeza piramidi za Giza, kule Misri, ili zitoshe kwenye ukurasa wa wima. Nina msimamo wangu hapa ambao wenzangu huuona mkali: ukimtia mtu giza hadi asionekane, umemfuta, hata kama hukutumia kifutio. Nakata upande mmoja, nashusha anga kidogo, namaliza mapema.

Saa 10 jioni

Mpigapicha wa seremala amejibu: "Nzuri sana dada, ila uso wake bado giza. Muongezee mwanga."

Ombi hili nalijua. Ukipandisha mwanga wa ngozi nyeusi ovyo, inapauka na kuwa ya majivu, na mtu hajitambui. Michel-Eugène Chevreul, mkemia Mfaransa, aliwahi kuletewa malalamiko kwenye kiwanda cha mazulia cha Gobelins kwamba nyuzi nyeusi hazikuwa nyeusi ya kutosha. Akagundua kwamba dawa ya kutilia rangi haikuwa na kasoro. Tatizo lilikuwa rangi zilizosukwa jirani na nyuzi hizo. Aliyachapisha hayo mwaka 1839, na hadi leo yananiokoa kwa wateja.

Nachukua brashi, nautia giza ukuta ulio nyuma ya kichwa chake, na bega la shati kidogo. Uso siugusi. Naigeuza picha kulia kushoto ili niione kama mgeni, kisha naiondoa rangi kwa muda: mikono inaita kwanza, uso unafuata, ndoo imenyamaza. Naihifadhi kwa sRGB, mpangilio wa rangi unaoeleweka na skrini nyingi, ili isibadilike rangi kwenye simu za watu, naifungua kwenye yangu, natuma.

Jibu linakuja chapuchapu: "Umeona sasa? Uso ulihitaji mwanga tu."

Namwandikia, "Kweli kaka," na chini yake naambatisha ankara.