Siku moja na kingamwili zinazong'aa, kutoka Likoni hadi chumba cha giza

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Namaliza chai na mahamri mawili, nateremka kwa miguu hadi feri. Huvuka mapema kwa sababu damu haisubiri. Watu waliojitolea kwa utafiti wetu huanza kufika saa mbili, na nataka kila kitu kiwe tayari kabla yao.

Saa moja na robo. Nikishafungua maabara, kitu cha kwanza ni friji. Kipimajoto kinaonyesha nyuzi 5. Kingamwili zetu, yaani protini za kinga tunazozitumia kutambua seli, hutaka kati ya 2 na 8. Zikiganda zinaharibika, zikipata joto zinaharibika, zikiachwa kwenye mwanga rangi zake hufifia. Mji wenyewe ni huu wa joto, na stima hupotea bila kuaga, kwa hiyo namba hiyo naisoma mara tatu kabla sijavua mkoba begani.

Kwa asiyeijua kazi hii: seli za damu zina protini zilizojitokeza nje kwenye utando wake. Mwenyeji wa Mji wa Kale hutazama nakshi za mlango akajua yuko nyumba ya nani. Sisi nasi huitambua seli kwa protini zake za nje. Protini hizo huitwa CD na namba. CD3 iko kwenye seli T, askari wa kinga ya mwili. CD4 iko kwenye seli T wasaidizi, na ndiyo VVU hushika ili viingie ndani. CD8 iko kwenye zile zinazoua seli zilizoambukizwa. Kingamwili moja hushika protini moja, nasi huinunua ikiwa tayari imefungwa rangi inayong'aa ikipigwa na leza. Wa kwanza kufunga rangi hivyo alikuwa Albert Coons na wenzake, Marekani, miaka ya mwanzo ya 1940. Mwaka 1975 Köhler na Milstein wakapata njia ya kutengeneza kingamwili za aina moja tupu bila kikomo, na mwaka 1984 wakapewa Nobel. Bila hao wawili nisingekuwa na kazi hii.

Rangi ninayoipenda kuliko zote ni PE, yaani fikoeritrini. Hutolewa kwenye mwani mwekundu. Shangazi yangu analima mwani Kibuyuni, kule Kwale. Siku niliyomweleza kwamba jamaa za mwani wake hutuangazia seli, alinyamaza kitambo, kisha akaniambia nirudie.

Saa mbili na dakika arobaini. Damu imeingia. Mama mmoja aliyetoka Mtongwe aliniuliza, "Mwanangu, damu yangu itafaa kweli?" Nikamwambia itafaa, mama. Mikrolita 100 kila mrija, kingamwili juu yake, kisha dakika 20 ndani ya kabati lenye giza, taa ya chumba nayo imezimwa. Baadaye dawa ya kupasua seli nyekundu, dakika 10. Kuzungusha, kumwaga, kuosha. Sina mengi ya kusema hapo, ni mkono tu usitetemeke.

Saa sita mchana. Tunasoma mirija kwenye mashine. Seli hupita mbele ya leza ya nanomita 488 moja moja, na kila moja huwa nukta kwenye skrini. Kijana aliyekuja kwetu kwa mafunzo ananiita kwa furaha: "Dada, njoo uone! Hizi zina CD4 na CD8 pamoja!"

Naona kundi kubwa mahali ambapo kwa kawaida kuna nukta chache. Seli za namna hiyo ni nyingi kwenye tezi ya thaimasi, kifuani, ambako seli T hukomaa, lakini kwenye damu ya mtu mzima huwa kidogo. Hapa zilikuwa nyingi kwa watu wote wanne wa leo. Moyo wangu ukashuka.

CD4 tuliitia PE. CD8 tuliitia PE-Cy7, ambayo ni rangi mbili zilizofungwa pamoja: PE hupokea nguvu ya leza kisha humkabidhi Cy7, naye ndiye hutoa nuru, karibu nanomita 780, ambayo jicho halioni. Ni kupokezana kijiti. Joto au mwanga ukiharibu Cy7, kijiti hubaki mkononi mwa PE, naye hutoa nuru yake ya manjano. Mashine haiwezi kujua kwamba nuru hiyo imetoka kwa kingamwili ya CD8. Inaandika CD4.

Chupa ya CD8 ilifika juzi. Sanduku lilikuwa limekaa kwa wasafirishaji tangu asubuhi hadi alasiri, na tulipolifungua barafu ilikuwa maji. Nilipaswa kuikataa siku ile ile. Mirija ya kudhibiti, ile yenye rangi moja moja, tulikuwa tumeitengeneza kwa chupa ya zamani, ndiyo maana marekebisho ya mashine hayakukamata kasoro.

Saa nane. Tunatia CD8 peke yake, mrija mmoja kwa chupa ya zamani, mmoja kwa mpya. Wa zamani uko safi. Mpya unang'aa kwenye njia ya PE, ingawa hatukutia CD4 hata tone. Kijana ameinama. Namwambia kuona kitu na kukiita mtu ni sawa, kosa lingekuwa kukiandika kabla ya kukijaribu.

Damu ya asubuhi bado ipo na bado nzuri. Tunaanza upya kwa chupa ya zamani, watu wote wanne.

Saa kumi na moja jioni. Makundi mawili yamesimama mbali mbali, CD4 huku, CD8 kule. Mrija wa yule mama wa Mtongwe umesomeka vizuri kuliko yote. Chupa mbovu naiandikia "ISITUMIKE" kwa wino mzito.

Saa kumi na mbili na nusu. Nikiwa kwenye feri shangazi anapiga simu. Bamvua limeanza, kesho wanaingia majini kuvuna. Namsimulia jinsi rangi ilivyotuharibikia.

"Ni jua hilo," anasema. "Mwani wangu nikiuacha kichanjani siku mbili unatoka mwekundu unakuwa mweupe. Nyinyi mbona hamkuufunika?"