Kuvuka Grand-Saint-Bernard kwa miguu, na kibali mfukoni

Niwatoe wasiwasi kwanza watani wangu wa Moshi. Mwanya wa Grand-Saint-Bernard uko mita 2,469 juu ya usawa wa bahari, na hata vibanda vya Mandara kule Kilimanjaro viko juu zaidi. Kwa hiyo sijasema nimepanda mlima. Nimevuka mlima: nimeingilia Uswisi nikatokea Italia, kwa miguu yangu, na kibali cha kuishi kimefungwa ndani ya mfuko wa nailoni kisilowe.

Njia yenyewe ni ya hija, inaitwa Via Francigena. Inaanzia Canterbury, Uingereza, inakata Ufaransa na Uswisi, inaishia Roma. Askofu mkuu Sigeric wa Canterbury aliipita mwaka 990 alipokwenda kwa Papa kuvikwa palio lake, kitambaa cha mabegani cha cheo chake, na safari ya kurudi vituo vyake 80 viliandikwa kimoja kimoja. Orodha hiyo ndiyo inayowaongoza mahujaji mpaka leo. Ndani yake, ukitoka Saint-Rhémy upande wa Italia, jina linalofuata ni Bourg-Saint-Pierre upande wa Uswisi. Katikati hamna kitu. Mlima ulivukwa kwa mkupuo mmoja, kwa sababu juu kulikuwa hakuna pa kulala.

Sisi tulikwenda kinyume chake, kutoka Bourg-Saint-Pierre kupanda. Tulikuwa watatu: mimi, shoga yangu wa Mombasa tunayefanya naye kazi ya kulea wazee, na kijana mmoja wa Burundi ambaye hutuita dada zake wakubwa na hubeba maji yetu bila kuombwa. Shoga yangu alitangaza msimamo tangu kwenye treni ya Orsières: "Mie hija yangu ni Makka, inshallah. Huku nimekuja kunyoosha miguu." Sawa. Lakini kile kitabu cha hija kinachogongwa mihuri kila kituo alikichukua, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kuulizia muhuri kila mahali. Nadhani ninamwelewa. Watu wa aina yetu tumezoea mihuri ya kusubiriwa kwa roho mkononi, na hii inagongwa na mtu anayetabasamu.

Kijiji chenyewe kiko mita 1,632. Njia imewekwa vibao vya njano, na vibao vya Kiswisi havikwambii kilomita, vinakwambia saa. Saa hizo hazina nafasi ya kupumzika wala kupiga picha. Aliyezipima sidhani kama aliwahi kusimama kufunga kamba ya kiatu. Ongeza theluthi nzima juu yake ndipo upange basi la kurudi.

Saa ya kwanza haina la kusimulia sana. Unapita juu ya bwawa la Toules, lenye paneli za sola zinazoelea majini, na chini yako malori yanaelekea kwenye handaki lililofunguliwa mwaka 1964. Tangu hapo magari mengi hayana haja ya kupanda mpaka juu. Ukishapita mdomo wa handaki kelele zinakatika, unabaki na kengele za ng'ombe weusi wa Hérens, wafupi, wenye vifua vipana, ambao majike wao hupigana pembe kwa pembe kumpata malkia wa kundi. Kwenye mawe kuna marmoti, ndugu wa pimbi kwa sura na kwa uvivu wa kuota jua, ila huyu hupiga mluzi mkali akiona mtu, wenzake wote wakatumbukia shimoni.

Halafu unaingia Combe des Morts, Bonde la Wafu. Jina si la kutishia watoto. Maporomoko ya theluji yalizika watu humo karne kwa karne, na mlima ukifunga ukungu huoni kibao kinachofuata. Ilikuwa Julai tulipopita, na bado palikuwa na vipande vya theluji vilivyolala kwenye makorongo. Si nyeupe kama ya kwenye kadi. Ni kuukuu, imepauka kwa vumbi, juu imeshupaa kama chumvi ya mawe, na chini yake maji yanakimbia: unayasikia wazi chini ya nyayo huku huyaoni. Kijana wetu alitangulia, akawa anachoma kwa fimbo mbele ya kila hatua. Sehemu moja fimbo ilizama hadi mshikio. Akairudisha taratibu, akatuzungusha kwa juu, karibu na mwamba. Shoga yangu alikuwa anasoma dua kwa sauti. Na mimi, Mlutheri, nilikuwa naitikia amina.

Humu ndimo Napoleon alimopitisha jeshi lake la watu wapatao 40,000 mwezi Mei 1800. Mizinga ilifunguliwa, mitutu ikalazwa ndani ya magogo yaliyochongwa, ikaburutwa kwa kamba. Mchoro maarufu wa mchoraji David unamwonyesha Napoleon juu ya farasi aliyesimama kwa miguu ya nyuma. Ukweli ni kwamba alivuka amepanda baghala. Wanakijiji wa Bourg-Saint-Pierre waliahidiwa kulipwa miti iliyokatwa na vyombo vilivyotumika. Dawa ya deni ni kulipa, lakini hili lilikaa miaka 184, mpaka Rais Mitterrand wa Ufaransa alipotoa kumbukumbu ya ishara mwaka 1984. Ya ishara. Wenye madai yao serikalini wanajua maana yake.

Unapofika juu huoni kilele, unaona jengo. Kubwa, la mawe, kuta zake zimetoboka madirisha madogo, limesimama hapo palipo na upepo kuliko kote. Ni hospisi, nyumba ya kupokea wasafiri, iliyoanzishwa na Mtakatifu Bernard, shemasi mkuu wa Aosta, kwenye mwaka 1050 hivi, miongo sita baada ya Sigeric kupita. Mapadri wanaofuata kanuni ya Mtakatifu Augustino wanaishi humo mwaka mzima, hata miezi ile barabara imefungwa na mgeni hufika kwa ski au kwa viatu vya theluji tu. Wale mbwa mashuhuri wa Saint Bernard walizalishwa hapa. Aliyevuma kuliko wote, Barry, ngozi yake imejazwa na kuhifadhiwa kwenye makumbusho ya Bern. Na zamani maiti waliookotwa theluji ikiyeyuka waliwekwa kwenye chumba cha pembeni, kwa kuwa ardhi ya mwamba haichimbiki, wakisubiri huenda ndugu akapita akamtambua mtu wake.

Tuliingia tumelowa jasho na baridi kwa pamoja. Padri mmoja mzee alituletea chai ya moto, akauliza swali moja tu: tumetokea wapi leo. Leo. Tukamjibu Bourg-Saint-Pierre, akaridhika. Mwenye kuishi ughaibuni anajua jinsi swali la "unatoka wapi" linavyofuatwa na mengine matano. Kaulimbiu ya shirika lao kwa Kilatini inasema kwamba hapa Kristo anaabudiwa na kulishwa, na anayelishwa, kwa hesabu yao, ni yeyote aliyegonga mlango. Shoga yangu aliuliza pa kuswali, akaonyeshwa chumba tulivu, bila mjadala.

Ndani kuna makumbusho madogo, na humo ndimo nilimokaa kuliko nilivyopanga. Kabla ya Ukristo Warumi walikuwa na hekalu hapa la Jupiter Poeninus, na wapita njia, askari na wafanyabiashara, walimwachia vibao vidogo vya shaba vilivyochorwa majina yao. Baadhi vimeandikwa ombi lilelile: kwa ajili ya kwenda na kurudi. Kijana wetu alinitaka nimsomee maelezo mara mbili.

Yeye hakuendelea. Ana kibali F, yaani amepokelewa kwa muda, na mwenye kibali hicho hatoki nje ya Uswisi bila kuomba ruhusa kwanza. Mimi na shoga yangu tuna kibali B, cha ukaazi, na kwa kuwa Uswisi ilianza kutekeleza Schengen, mkataba wa nchi za Ulaya wa kufungua mipaka yao, mwaka 2008, kibali hicho pamoja na pasipoti halali vinatutosha kuingia Italia hadi siku 90 ndani ya siku 180. Mpaka uko dakika chache tu kutoka mlango wa hospisi, ukipita kandokando ya ziwa. Tulitembea naye mpaka karibu na nyumba ya forodha, ambako hapakuwa na mtu nje. Tulimwambia hakuna anayetazama. Akajibu kwa upole kwamba faili lake linatazama. Tukamkumbatia, akarudi kusubiri basi la kuteremka Martigny.

Upande wa Italia njia inateremka kwa ukali mpaka Saint-Rhémy, na ni magoti yanayolipa, si mapafu. Chukueni fimbo mbili, hata kama mnajiona vijana. Kijiji hicho kinajulikana kwa paja la nguruwe linalokaushwa kwa hewa ya milimani, kwa hiyo shoga yangu alikula mkate na jibini huku akinitazama kwa jicho la pembeni.

Kwa wanaopanga: subirini Julai, Agosti au mwanzo wa Septemba, na ulizeni hali ya theluji kabla ya kuondoka. Wenye kibali F wapitishe ombi la safari kwenye ofisi ya uhamiaji ya kantoni yao, mapema. Mdogo wetu ameshatimiza miaka mitano inayotakiwa na ameomba kubadilishiwa kibali kuwa B. Akikipata, anasema, ataanzia hospisi. Lile bonde hana mpango wa kulirudia.