Siku moja maishani mwangu: kupanga safari ya picha, Tabora hadi Kigoma

Saa 12:15 asubuhi

Kamera iko juu ya miguu mitatu nje ya uzio, inatazama mashariki. Ni Septemba, na Tabora jua linatoka karibu saa 12:40. Nataka kujua mwanga laini utadumu dakika ngapi kabla ya kuwa mkali. Huku kwetu karibu na ikweta jua linapanda karibu wima, nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo rangi ya dhahabu inakaa dakika 25 hivi na kwisha. Mafunzo mengi yaliyoandikwa Ulaya yanakuahidi saa nzima. Ukipanga kwa saa yao utafika eneo la pili mwanga umeshakuwa mweupe kama tui. Kanuni ya ratiba yangu: eneo moja kwa asubuhi moja, basi.

Kosa lingine ni la saa. Nchi nzima tunatumia saa moja, lakini jua halijui hilo. Kila nyuzi moja ya longitudo kuelekea magharibi linachelewa dakika 4. Siku za katikati ya Septemba jua la Dar es Salaam linazama karibu saa 12:20 jioni, la Tabora saa 12:47, la Kigoma saa 1:00 kamili. Programu ya simu iliyoachwa kwenye mji wa Dar itakupotosha kwa dakika karibu 40. Utapiga picha ya jua likiwa bado juu, ufungashe, na machweo yenyewe uyaone ukiwa mezani unasubiri chipsi.

Saa 2:00 asubuhi

Chai, na kalenda ya mwezi. Hapa ndipo safari inapopangwa. Kilomita zinafuata baadaye. Picha kuu ninayoitaka Kigoma ni taa za wavuvi wa dagaa, na taa hizo zinategemea giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa dagaa hawaivamii taa, wavuvi wanabaki nchi kavu. Nampigia mwenye mtumbwi pale Kibirizi, ufukwe wa wavuvi wa Kigoma.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Unataka giza tena?"

"Ndiyo mzee. Mnaingia lini?"

"Mwezi ukianza kuchomoza usiku wa manane, sisi tumeshaingia. Ukiwa mkubwa tunashona nyavu."

Kwa hiyo usiku tatu za Kigoma nazipanga kuzunguka mwezi mwandamo: moja kabla, wenyewe, na moja baada. Safari yote inahesabiwa kurudi nyuma kutoka hapo.

Mwezi wa kalenda nao una mivutano yake. Mei na Juni hewa ni safi, mvua imeosha vumbi, milima ya Kongo ng'ambo inaonekana kama imechorwa kwa penseli. Lakini mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane, kwa hiyo kabla ya kulipia chochote katika miezi hiyo, uliza kwanza kama ziwa liko wazi. Septemba taa zipo, na miombo ya Urambo na Kaliua inachipua majani mekundu ya shaba kabla ya mvua. Gharama yake ni moshi wa nyika zinazochomwa: milima ya Kongo haionekani kabisa. Mimi nachagua Septemba. Moshi huo unaligeuza jua kuwa sinia jekundu unaloweza kulitazama, na lenzi ya milimita 300 inalileta karibu na mtumbwi unaopita. Anayetaka milima aje Juni.

Saa 4:00 asubuhi

Ramani. Tabora hadi Kigoma ni zaidi ya kilomita 400 kwa njia ya Urambo, Kaliua na Uvinza, na dereva wa basi anaimaliza kwa siku moja. Mpiga picha asijaribu. Naigawa: siku ya kwanza nalala Kaliua, ya pili Uvinza, ya tatu naingia Kigoma mchana ili jioni hiyo hiyo niwe ufukweni. Kurudi, siku mbili zinatosha.

Njia inaelekea magharibi, na hilo lina maana barabarani. Ukiondoka alfajiri jua liko mgongoni, unaona kila kitu mbele kikiwa kimeangazwa vizuri. Kuanzia saa 9 alasiri linakupiga usoni, kioo chenye vumbi kinakuwa kama pazia, na wanaotembea pembeni hawaonekani. Kwa hiyo kwenda naendesha asubuhi, saa 8 mchana niwe nimesimama.

Vituo vya picha naviandika kwa kazi, si kwa jina la mji tu. Urambo: baiskeli zenye mizigo, shata (muda ambao kamera inabaki wazi) 1/20 ya sekunde, kamera inamfuata mwendeshaji ili yeye abaki mkali na msitu uwe mistari. Chini ya 1/10 karibu zote zinaharibika, juu ya 1/60 hakuna mwendo. Kaliua: miombo yenyewe, shata nusu sekunde, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 100, tundu la lenzi dogo la f/16, kamera inashushwa kwa mkono kutoka juu hadi chini wakati shata iko wazi. Mashina yanakuwa nyuzi, majani mekundu yanakuwa moshi. Piga 40 upate 2. Uvinza: chumvi, inayotengenezwa tangu kale kutokana na chemchemi za maji ya chumvi. Weupe unaidanganya kamera, nayo inatoa picha ya kijivu. Ongeza mwanga kwa hatua 1 hadi 1.7; kila hatua ni mwanga mara mbili. Na jioni osha miguu ya kamera kwa maji baridi, maana chumvi inakula skrubu polepole bila kelele.

Saa 6:00 mchana

Simu za vibali. Stesheni, bandari na madaraja makubwa ni maeneo ambayo askari atakuuliza, kwa hiyo omba kabla, kwa barua, utaje siku na saa. Ndege isiyo na rubani inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na barua ya haraka haipo. Kama hukuanza mapema, iache nyumbani. Gombe usiiweke kwenye ratiba ya gari, kunafikika kwa boti tu.

Kwa mtumbwi nakubaliana mambo manne kabla ya bei: lita za mafuta, saa ya kurudi, jaketi za kuokolea, na kwamba wavuvi wenyewe wameridhia kupigwa picha wakiwa kazini. Usiku wa ziwani mtu anatafuta riziki. Ukimwashia flashi usoni umemharibia macho na umemfukuzia dagaa.

Saa 8:00 mchana

Gereji. Fundi anataka kuzungumzia injini, mimi nazungumzia matairi na vumbi. Matairi ya akiba mawili, jeki na ubao wa kuiwekea chini, pampu ya upepo. Kwenye changarawe upepo wa tairi naushusha kutoka psi 35 hadi 28, ukirudi lami unajaza tena. Ukisahau, tairi linapata joto na kupasuka. Mafuta: kilomita 1,050 pamoja na mizunguko, lita 14 kwa kila kilomita 100, inakuja 147. Naongeza sehemu ya tano, napanga 176. Tangi halishuki chini ya nusu.

Saa 10:00 jioni

Begi. Adui mkubwa ni vumbi jekundu, kuliko hata mvua. Linaingia kwenye buti hata milango ikiwa imefungwa, kwa hiyo begi linakaa kiti cha nyuma juu ya godoro dogo, limefunikwa kitenge. Feni ya gari inabaki imewashwa ikivuta hewa ya nje, ili upepo wa ndani usukume vumbi litoke. Ukikuta lori mbele unaigeuza izungushe hewa ya ndani mpaka ulipite. Godoro lina kazi nyingine: vijituta mfululizo vya changarawe vinalegeza skrubu za lenzi. Bisibisi ndogo iko mfuko wa mbele, na kila jioni nagusa skrubu moja moja.

Lenzi nabadilisha gari likiwa limesimama, madirisha juu, feni imezimwa kwa dakika mbili ili vumbi litue, tundu la kamera likitazama chini. Kabla ya kulala napima kihisi, kile kinachopokea picha ndani ya kamera: napiga ukuta mweupe kwa f/16, fokasi ikiwa imevurugwa makusudi. Kila doa jeusi ni punje. Napuliza kwa mpira wa hewa, kamwe si kwa mdomo. Mate yakishakauka pale utamlipa fundi.

Kadi 4 za GB 64. Faili ghafi la MB 28 linatoa picha karibu 2,200 kwa kadi. Betri 4, maana shata ndefu za usiku zinazinyonya. Inveta ya wati 150, ya kugeuza umeme wa gari, inazichaji pale tu injini inapounguruma. Filta ya hatua 10, kioo cheusi cha kupunguza mwanga, ambayo inageuza 1/60 kuwa sekunde 17, kwa ajili ya mawimbi ya Katonga, pale Kigoma.

Saa 12:47 jioni

Jua limezama. Chini ya mwembe najaribu kuchora kwa tochi. Nasubiri dakika 20 mbingu iwe buluu: sekunde 20, f/8, ISO 200. Tochi inatoka pembeni, kwa sekunde 5, inatembea bila kusimama. Ukimulika ukiwa kando ya kamera, mti unakuwa bapa kama bango. Mara ya tatu bodaboda imepita na taa yake ikachora mstari katikati. Nimeifuta, halafu nikajuta. Ilikuwa nzuri kuliko zangu.

Saa 3:00 usiku

Karatasi ya mwisho, mipangilio ya Kigoma. Septemba hii Njia Nyeupe, ule ukanda wa nyota, inaanza juu ya kichwa giza linapoingia, na kati ya saa 3 na saa 5 usiku inaelemea kusini magharibi, juu ya ziwa na taa. Ukiwa ufukweni: lenzi ya milimita 20, f/2.8, ISO 3200, sekunde 15. Picha ya pili sekunde 4 kwa ajili ya taa, maana mitumbwi inasogea. Ukiwa ndani ya mtumbwi, miguu mitatu haina kazi, kila kitu kinayumba: lenzi ya 35, f/1.8, shata 1/80, ISO 6400. Karabai zilikuwa za manjano. Taa za betri ni nyeupe yenye ubaridi, hivyo kipimo cha rangi cha kamera nakiweka Kelvin 6,000 hivi, rangi ya ngozi isije ikawa kama ya maiti.

Betri ya nne bado inawaka nyekundu kwenye chaja. Kengele ya simu iko saa 10:30 alfajiri, nifike miombo ya Urambo kabla ya saa 12:40.