Mpaka wa zamani umejitokeza jioni hii

Leo jua likikaribia kuzama, shamba lililoonekana tambarare mchana kutwa limetoa mstari wa kivuli, pembe hadi pembe.

Ni mpaka wa zamani wa mashamba huo!

Kwenye mteremko, kila msimu wa kulima udongo hushuka kidogo, ukifika mpakani unakwama. Upande wa juu hujaa, wa chini huliwa, unabaki ukingo.

Alama nyingine ya zamani ni mtaro uliofukiwa, nao huonekana zaidi wakati wa ukame. Udongo wake una kina na unyevu, mimea juu yake hubaki kijani. Penye msingi wa mawe uliofukiwa chini, mimea hunyauka kwanza. Hatua moja tu, na kimo cha mimea kinabadilika.

Tafadhali msisawazishe ukingo kama huu kwa trekta kabla ya kupiga picha.

Kwenu mmeona mistari gani?