Mbeleko ya mtoto anayetembea: pima magoti kabla ya kubonyeza sponji

Mzazi akiingia dukani kutafuta mbeleko ya mikanda, mkono wake huenda moja kwa moja mabegani. Anabonyeza sponji, anaikuta nene, anatoa pesa. Kwa kichanga cha kilo 5 hilo halina madhara makubwa. Mtoto wa miaka 2 ana kilo 12 hivi, na wa miaka 3 anakaribia 14. Hapo hakuna sponji itakayokuokoa kama mbeleko imekatwa vibaya. Kinachoamua raha yenu wawili ni upana wa kikalio na mkanda wa kiuno.

Tuanze na kikalio. Kitambaa cha chini kimshike mtoto kuanzia karibu na mkunjo wa goti moja hadi la pili, magoti yakae juu kidogo kuliko makalio, miguu ichore herufi M. Mbeleko nyingi za bei nafuu zina kikalio chembamba kinachopita katikati ya miguu tu. Mapaja yananing'inia, uzito wote unaangukia kwenye kinena, na baada ya dakika chache mtoto anaanza kujinyonganyonga. Wazazi husema hapendi kubebwa. Mara nyingi anapenda kubebwa, ila pale alipokaa panamuuma. Tena miguu ikining'inia, mwili wa mtoto unavutwa chini na kuachana na mgongo wako, na mabega yako ndiyo yanayoanza kuwaka.

Pima nyumbani kabla ya kwenda dukani. Mkalishe kwenye kigoda, magoti yakiwa wazi kama anavyokaa mwenyewe, kisha pitisha futi ya fundi kutoka nyuma ya goti moja, chini ya makalio, hadi nyuma ya goti la pili. Kwa watoto wengi wa umri huu utapata karibu sm 35 hadi 40. Kikalio kikipungua sm 2 au 3, usihangaike. Kikiishia katikati ya paja, iache mbeleko hiyo hata kama rangi imekuvutia. Pima pia kutoka kwenye makalio hadi kwapani: kitambaa cha mgongo kisipofika hapo, siku atakayojirusha nyuma utamwona ananing'inia nje hadi kiunoni.

Mkanda wa kiuno uwe mpana, wenye ugumu fulani, usiojikunja kama utepe mtoto akikaa. Wengi huufunga chini mno. Papasa ubavuni upate mfupa wa nyonga. Mkanda ukae juu ya mfupa huo na ukazwe kwelikweli, kwa sababu hapo ndipo uzito unaposhuka kwenda miguuni. Ukifungwa chini yake, utateleza kila hatua, nawe utakaza mikanda ya mabega kufidia. Ukishambeba, jaribu kupitisha vidole viwili chini ya mkanda wa bega, palepale juu ya bega. Vikipita bila shida, kiuno kinafanya kazi yake. Visipopita, mfungue na uanze upya kiunoni.

Umri huu ni wa mgongoni. Mbele anakuziba usione unapokanyaga, na kumgeuza uso nje ni kujitafutia maumivu ya mgongo, maana uzito unakaa mbali nawe. Funga kiuno kwanza, mtoto asimame kitandani nyuma yako, inama, akulalie mgongoni. Pandisha kitambaa, vaa mikanda ya mabega mmoja mmoja huku mkono mwingine ukimshika, kisha funga mkanda wa kifuani usawa wa kwapa. Ukifungwa chini zaidi, mikanda itadondoka mabegani. Mara za mwanzo awepo mtu wa kushika. Dukani pia mjaribishe akiwa ndani, tembea naye robo saa. Muuzaji akikataa, nenda duka la pili.

Na kanga je? Kwa safari fupi, na kwa mtoto anayetaka kushuka kila baada ya hatua ishirini, bado haina mpinzani. Shida yake ni kipimo: kanga moja ina urefu wa karibu m 1.5, na ukimzungusha mtoto mkubwa, mama mwenye mwili anabaki na ncha fupi zisizotosha fundo. Chukua kitenge cha pamba cha yadi 2. Kanga mpya ifue kwanza uitoe wanga, la sivyo fundo linateleza. Kosa linalorudiwa sana ni kukaza ukingo wa juu na kuuacha wa chini ukiwa legelege, na mtoto anashuka taratibu hadi nyongani. Ukingo wa chini ndio unaobeba: upite chini ya mapaja, uvutwe kwa nguvu mbele, ndipo ushughulike na wa juu.

Kwa joto la Dar au Mombasa, chagua mgongo wa kitambaa cha wavu. Sponji nene mgongoni inahifadhi jasho, na mtoto anatoka vipele.

Mbeleko za mitumba ni nzuri ukizikagua. Soma lebo ya uzito: iliyoandikwa kilo 15 itakufaa kwa muda mfupi tu, tafuta ya 20. Angalia pale mikanda inapoungana na kitambaa. Pawe na mshono wa mraba wenye alama ya X ndani, bila uzi uliokatika. Klipu ilie "tak" na isiachie ukiivuta kwa nguvu. Ikunje kidogo kwenye mwanga: mstari mweupe kwenye plastiki ni ufa. Usimpe fundi aibadilishe kwa klipu ya begi la shule, haikutengenezwa kubeba mtoto. Unapofua, usitie dawa ya kuondoa madoa, na anika kivulini, kwa kuwa jua kali hudhoofisha mikanda na plastiki.

Kwenye bodaboda, mbeleko yoyote ile si mkanda wa usalama.