Hatimaye mtungi umeacha kuvuja

Asubuhi hii nimeuinua mtungi wa tatu wa dizeli ya safari, nikapapasa katoni chini yake. Kavu! Siku tatu ulilala kifuniko kikiwa chini na hakuna hata tone.

Mnaoijua kaskazini mwa Kenya mtaelewa. Marsabit tunaiaga lami, halafu Maikona, Kalacha, North Horr, Loiyangalani, South Horr, Baragoi hadi Maralal: kama kilomita 500 kwa hesabu yangu ya ramani. Kwenye mchanga gari langu huenda kilomita 6 kwa lita, kwa hiyo ni lita 83. Tangi ni la 90. Sasa jangwa la Chalbi likikurudisha nyuma kwa tope la chumvi, hizo lita saba zitakufikisha wapi? Dizeli ya pipa hupatikana huko, ila usafi wake ni bahati yako. Ndiyo maana ya mitungi mitatu ya lita 20.

Mitungi ni ya chuma, mitumba, na mipira ya vifuniko ilikuwa imepasuka. Fundi akaniambia nikate tyubu kuukuu ya tairi. Nikakata. Siku ya kwanza shwari. Ya tatu, gari zima linanuka. Mke wangu akasimama mlangoni: "Baba Tumaini, tunasafiri au tunachuuza mafuta?" Nikaweka mpira mnene zaidi, nikaweka miwili, nikapaka silikoni. Ukavuja vilevile. Wiki mbili nimelaani kifuniko cha watu bure.

Kumbe nilipoutoa ule mpira na kuurudisha juu ya duara nililouchorea, ulikuwa umelizidi pande zote. Haukuchakaa, ulivimba! Laini, unateleza kama uyoga uliolowa. Nikaupeleka Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, kwa mzee anayeuza mipira ya haidroliki. Aliufikicha, akaunusa, akacheka. "Kijana, huu ni mpira wa upepo, si wa mafuta." Akanikatia kipande cha naitraili, mpira unaostahimili mafuta, kama kiganja hivi.

Na tafadhali, msikate kwa makasi. Nilinoa ukingo wa kipande cha bomba, nikagonga kwa nyundo juu ya ubao: duara safi, pigo moja. Tukiwa hapo, ile jeki ndefu ya kuning'iniza nje ya gari ni mapambo tu. Jeki ya chupa na kipande cha mbao pana vinanitosha mchangani.

Wiki hii ilikuwa ya betri ya pili na rafu za buti. Sijagusa. Jana usiku niliiangalia tena ramani, macho yakanasa kwenye milima ya Mathews, ule msitu wa Samburu wenye sikadi, mimea inayofanana na mnazi mfupi wenye miiba. Badala ya kurudi kwa njia ya Rumuruti, tukitoka Maralal tungekata mashariki hadi Wamba, tulale huko siku mbili.

Hapo nahitaji mtungi wa nne. Naitraili iliyobaki inatosha kifuniko kimoja.